Gambuti moja, kazi mbili: jinsi ya kuchagua buti la kibanjani na la njiani

Mwaka jana nilisimama kwenye meza ya viatu vya mitumba Bukoba mjini, nikaona buti ambalo sijawahi kuliona maishani. Plastiki ngumu kama ndoo, linafika katikati ya muundi, lina vifungo vinne vya chuma kama vya sanduku. Juu ya vidole lina mikunjo kama ya kinanda cha akodioni, na ncha yake imechomoza mbele kama mdomo wa bata. Muuzaji alikuwa amechoka kulielezea.

"Dada, hili limeandikwa ishirini na sita na nusu," akaniambia. "Namba ya mtoto. Lakini nikilivaa mimi mwenyewe linanipwaya. Hivi ni la kazi gani?"

Sikujua. Nikalipiga picha, jioni nikatafuta. Kumbe ni buti la kutelezea kwenye theluji kwa mtindo unaoitwa telemark, jina la jimbo moja la Norwe. Huko ndiko alikozaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, mtu anayekumbukwa sana kwa kuueneza mtindo huo. Sifa yake kubwa ni kwamba kisigino hakifungwi kwenye ubao wa kutelezea. Kinanyanyuka, mguu unapinda pale vidole vinapoanzia, na ndiyo maana buti lina ile mikunjo ya akodioni.

Kilichonivutia zaidi ni ubishi wa watu wanaoyanunua. Kuna wanaopandishwa mlimani kwa mashine, kazi yao ni kushuka tu. Hao wanataka buti refu, gumu, zito, linaloushika mguu barabara. Wengine wanapanda kwa miguu yao wenyewe porini, kisha wanashuka. Hao wanataka buti jepesi linalopinda, la sivyo watachoka kabla ya kufika juu. Anayetaka buti moja kwa kazi zote mbili lazima apoteze kidogo huku ili apate kidogo kule.

Nikacheka peke yangu. Theluji hatuna, lakini swali hilo ni la shangazi yangu kule Muleba, na mimi nilikuwa nimelijibu vibaya kwa pesa yangu mwenyewe. Hebu nikueleze nilivyokosea, halafu tuone sayansi inasemaje kuhusu gambuti.

Kosa langu

Shangazi anaishi upande wa Kamachumu. Siku yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kibanjani: kupalilia, kukata majani ya migomba, kuchuma kahawa, kubeba samadi. Ya pili ni njiani: kushuka bondeni kwenye chemchemi, kupanda, kwenda rweya kukata nyasi za matandazo, kwenda sokoni. Miaka yote alikuwa akifanya hayo kwa yeboyebo, na mvua ikizidi anavua, anakwenda peku.

Mimi utafiti wangu ni wa udongo, kwa hiyo najua kilichomo ardhini. Kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na kibanja ndivyo kilivyo mwaka mzima, viluwiluwi vya minyoo ya safura vinaweza kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama unaweza kuleta homa ya leptospira, na bakteria wake wanapitia mchubuko mdogo tu. Kipindi cha vumbi kuna funza. Weka na misumari, vigae, na nyoka, ambao mara nyingi huuma mguu. Nikasema shangazi lazima apate gambuti.

Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikachagua zile nilizoona ndiyo imara kuliko zote: nene, ndefu, zenye chuma mbele. Elfu thelathini na tano. Namba sikuijua, nikachukua 40, nikajiambia "bora ikubwe, atavaa soksi." Shangazi alishukuru sana. Wiki ya pili akanipigia simu.

"Buti zako nzuri waitu, lakini zinatembea peke yake. Mimi nakwenda, zenyewe zinabaki."

Zilikuwa zimemchubua kisigino. Lengelenge likapasuka, yeye akaendelea kuzivaa kwa sababu zilikuwa zawadi, kidonda kikaiva usaha. Akaenda zahanati, na kwa wiki mbili katikati ya msimu wa kahawa hakuweza kuvaa kiatu chochote. Kahawa yake ikachumwa na vibarua wa kulipwa. Yaani buti niliyonunua imlinde ndiyo iliyomjeruhi, na ikaishia nyuma ya mlango wakati yeye amerudi kwenye yeboyebo.

Somo la kwanza ni hilo, na mengine yote yanatoka hapo: buti linalinda likivaliwa tu. Kabla hujauliza lina unene gani, uliza kama mtu huyu ataweza kutembea nalo siku nzima.

Kazi mbili zinazogombana

Nilipoenda kumwona, nilizipima buti zile kwenye mizani ya duka la jirani. Jozi ilikuwa na kilo 2.4, yaani kilo 1.2 kila mguu. Gambuti ya kawaida ya mpira, ambayo nilimnunulia baadaye, jozi ilikuwa kilo 1.6. Tofauti ni gramu 400 kwa kila mguu, chini ya nusu kilo. Utasema si kitu.

Sasa piga hesabu. Chukua safari ya kilomita 3 kwenda na kurudi. Hatua ya mtu mzima kwenye mlima tuseme ni sentimita 60. Hizo ni hatua 5,000. Kila hatua unanyanyua gramu 400 za ziada. Zidisha: kilo 2,000. Shangazi alikuwa ananyanyua tani mbili za ziada, kidogo kidogo, kila siku aliyokwenda sokoni.

Uzito wa mguuni pia si sawa na uzito wa mgongoni. Mzigo ulioubeba mgongoni unakwenda nao kwa mwendo karibu sawa. Mguu lakini unaurusha mbele, unausimamisha, unaurusha tena. Watafiti wa jeshi la Marekani walipima jambo hili miaka ya 1980 na kukuta kilo moja kwenye kiatu inagharimu nguvu karibu mara tano au zaidi ya kilo hiyohiyo ikiwa mgongoni. Ndiyo maana wale wa Norwe wanaopanda kwa miguu wanabishania gramu.

Ugumu nao ni hivyohivyo. Mguu unapopiga hatua, kisigino kinanyanyuka na wayo unapinda pale vidole vinapoanzia. Soli ikikubali kupinda mahali hapo, buti linakwenda na mguu. Ikigoma, mguu unanyanyuka ndani ya buti wakati buti limebaki chini. Kisigino kinapanda na kushuka, ngozi inasuguliwa. Ongeza jasho: ngozi yenye unyevu inashikana zaidi na kitambaa kuliko ngozi kavu, kwa hiyo badala ya kuteleza inavutwa huku na huku mpaka tabaka za ngozi zinaachana na maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge.

Kwa upande mwingine, ulaini una mipaka. Soli laini sana ikikanyaga jiwe lenye ncha, unalisikia lote. Ukikanyaga sepetu au jembe kwa wayo, soli nyembamba inaumiza. Kwa hiyo usitafute buti laini kuliko yote wala gumu kuliko yote. Tafuta linalopinda mbele, chini ya vidole, lakini ni gumu katikati, chini ya upinde wa wayo.

Utelezi, na hesabu yake

Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Kwa hiyo swali la utelezi kwetu ni la kila wiki.

Hebu fanya jaribio. Chukua ubao wa mita moja, ulowanishe. Weka buti juu yake likiwa na mawe mawili ndani ili liwe na uzito. Nyanyua upande mmoja wa ubao polepole mpaka buti lianze kuteleza. Pima kimo ulichofikia, gawanya kwa umbali wa chini, yaani ule ulio sambamba na sakafu. Tuseme umenyanyua sentimita 40. Umbali wa chini utakuwa karibu sentimita 92. Jibu ni 0.43. Hiyo ndiyo namba ya msuguano kati ya soli ile na ubao ule.

Namba ya 0.4 inakuruhusu kusimama kwenye mteremko wa nyuzi kama 22. Namba ya 0.2 inakuachia nyuzi 11 tu, na njia nyingi za kushuka chemchemini ni kali kuliko hapo. Na hiyo ni kwa kusimama. Ukitembea unahitaji zaidi, kwa sababu kisigino kinapotua kinaisukuma ardhi mbele.

Jambo ambalo watu wengi hawaliamini: kubeba ndoo ya lita 20 hakubadilishi pembe ya kuteleza. Uzito unakusukuma chini ya mteremko zaidi, lakini pia unakukandamiza ardhini zaidi, na viwili hivyo vinaongezeka sawasawa. Kinachobadilika ni uwezo wako wa kujiokoa ukishaanza kuteleza. Mzigo uko juu, mikono imeshika ndoo, huna cha kujishikiza.

Sasa, soli ipi? Hapa jibu linategemea unakanyaga nini, na huku kwetu unakanyaga vitu vinne tofauti kwa siku moja.

Njia ya udongo iliyokanyagwa. Chini ni pagumu, juu kuna utando mwembamba wa tope. Hapa unataka meno ya soli yapenye utando huo na kufika pagumu. Meno yawe marefu, angalau kama upana wa kidole kidogo cha mkono, na yaachane vya kutosha ili tope lidondoke. Meno yaliyosongamana yanajaa mfinyanzi kwa hatua kumi, na baada ya hapo unatembea na soli ya tope juu ya tope.

Mwamba. Miamba ya mchanga ya huku ikilowa na kuota ukijani inateleza kama sabuni. Hapa meno marefu hayasaidii, kwa sababu hayana pa kupenya. Kinachosaidia ni soli laini inayolalia jiwe, yenye mifereji ya kutolea maji. Soli ngumu inakaa juu ya maji kama mtumbwi.

Lami na sakafu ya sementi. Ni kama mwamba. Gambuti yenye meno marefu na magumu inaweza kukuangusha kwenye sakafu ya zahanati baada ya kukushusha salama mlimani.

Matandazo. Majani ya migomba yaliyolowa yanateleza, lakini angalia kinachotokea: mara nyingi buti limelishika jani vizuri, ila jani la juu linateleza juu ya jani la chini. Hakuna soli duniani itakayokusaidia hapo. Njia ya kupita kibanjani iache wazi, usiitandaze.

Kama ni buti moja kwa yote, chagua meno marefu ya wastani, yaliyoachana, ya mpira laini. Halafu angalia kisigino. Unaposhuka, kisigino ndicho kinachotua kwanza. Kiwe kimejitenga na soli ya mbele kwa ngazi iliyo wima, si soli iliyonyooka moja kwa moja kutoka vidoleni hadi nyuma. Ngazi hiyo ndiyo breki yako.

Mpira au plastiki?

Mabuti haya yana historia. Charles Goodyear alipata hati ya ubunifu Marekani mwaka 1844 kwa namna ya kupika mpira na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukauka kwenye baridi. Mwaka 1853 Hiram Hutchinson akaanzisha kiwanda Ufaransa, akawatengenezea wakulima mabuti yasiyopitisha maji. Kwa hiyo gambuti ilianza mapema kabisa kuwa kiatu cha mkulima.

Leo nyingi madukani si mpira, ni plastiki aina ya PVC. Inamiminwa kwenye umbo, inatoka kipande kimoja, ndiyo maana ni rahisi. Namna ya kutofautisha: la PVC lina mstari wa umbo unaopita katikati mbele na nyuma, na mara nyingi linang'aa sawasawa kila mahali. La mpira limejengwa kwa vipande vilivyobandikwa. Ukiangalia vizuri unaona mapande yalipokutana. Kunja shingo ya buti kisha achia. Mpira unarudi haraka. PVC inarudi kivivu, nyingine inabaki na alama ya mkunjo.

Kila moja lina uzuri wake. Mpira unapinda vizuri na unashika zaidi penye maji, ila jua kali linaupasua na mafuta ya petroli au dizeli yanauvimbisha. PVC inavumilia mafuta zaidi na bei ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba ulaini wake umetoka kwenye vilainishi vilivyochanganywa ndani, na vilainishi hivyo vinatoka taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Gambuti ya PVC iliyokaa stoo muda mrefu inakuwa ngumu, na ukianza kuitembelea inapasuka palepale vidole vinapopindia.

Kuna tofauti nyingine wauzaji hawaitaji. Buti la mpira likitoboka, fundi baiskeli analiziba kwa kiraka na solusheni kama tyubu. Kwenye PVC kiraka hicho kinabanduka. Inataka gundi yake. Kama unaishi mbali na mjini, hilo ni la kufikiria.

Chuma ndani ya buti

Ukiona alama S4 au S5 kwenye gambuti, inafuata kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, ISO 20345. Zote mbili zina kofia ya kulinda vidole inayopimwa kwa pigo la jouli 200, ambalo ni kama kuangushiwa kilo 20 kutoka urefu wa mita moja. S5 inaongeza bamba ndani ya soli la kuzuia msumari.

Ni kinga nzuri kwa fundi ujenzi, mpasua mawe, anayebeba magogo. Kwa anayetembea mteremko kila siku kofia ya chuma ni uzito wa ziada mahali pabaya zaidi, na ukishuka mlima vidole vinaigonga. Mimi nilinunua jibu la swali ambalo shangazi hakuuliza.

Utaona pia alama SRA, SRB au SRC kwenye mabuti ya miaka ya nyuma kidogo. Ni alama za utelezi. Zinafaa kuzijua, lakini jua zilivyopimwa: SRA ni kwenye kigae chenye maji ya sabuni, SRB ni kwenye chuma chenye gliserini, SRC ni zote mbili. Hakuna aliyepima kwenye tope la Kamachumu. Alama hiyo inakuambia kuhusu sakafu, haikuambii kuhusu njia ya chemchemi.

Namba: pima, usikisie

Turudi kwa yule muuzaji wa mitumba na ishirini na sita na nusu yake. Kumbe mabuti ya theluji hayatumii namba zetu. Yanaandikwa urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita. 26.5 maana yake mguu wa sentimita 26.5. Namba zetu za kawaida zinahesabu urefu wa umbo la kiatu kwa ndani, na kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo kanuni ni rahisi:

Urefu wa mguu kwa sentimita, jumlisha 1.5 za nafasi ya vidole, kisha zidisha kwa 1.5.

Buti lile: 26.5 + 1.5 = 28. Mara 1.5 = 42. Namba ya mtu mzima kabisa. Nilirudi kumweleza muuzaji, tukacheka wote.

Sasa shangazi. Mguu wake una sentimita 23.5. Jumlisha 1.5 ni 25. Mara 1.5 ni 37.5, yaani 38. Mimi nilimpelekea 40. Umbo la ndani la namba 40 ni karibu sentimita 26.7, kwa hiyo aliachiwa nafasi ya zaidi ya sentimita tatu mbele ya vidole. Ndiyo maana buti zilikuwa "zinabaki".

Unaponunulia mtu aliye mbali, mwambie asimame juu ya karatasi jioni, baada ya kazi, maana mguu huvimba kidogo mchana. Apige alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu kuliko vyote, miguu yote miwili, ufuate ulio mrefu. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, hivyo hata bila rula anaweza kukadiria. Hana karatasi? Akate kamba ya mgomba kwa urefu wa mguu wake akuletee. Kamba hiyo uiingize ndani ya buti dukani: ikilala bapa na ikabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, umepata.

Dakika tano dukani

Ukiwa na mwenye mguu, nendeni na soksi atakazovaa kazini. Halafu mjaribu haya.

Asimame kwa vidole. Buti lipinde pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo.

Atembee hatua ishirini. Kisigino kikinyanyuka ndani zaidi ya upana wa kidole, namba ni kubwa au umbo halimfai. Soksi ya pili inasaidia kidogo, haitibu namba iliyozidi.

Apande na kushuka ngazi, au hata kizingiti cha duka. Akishuka vidole vikigonga mbele, buti ni dogo au linamwachia mguu kuteleza ndani.

Achuchumae. Shingo ya buti isimchome nyuma ya goti. Anayepalilia amechuchumaa siku nzima anafaa buti fupi la nusu muundi kuliko refu.

Anuse na kukunja. Harufu kali sana ya plastiki na mkunjo unaoacha mstari mweupe ni dalili ya kuacha.

Kila mtu na kazi yake

Kibanjani na milimani, kama shangazi: mpira, nusu muundi, bila chuma, kisigino chenye ngazi. Ubora wa kwanza ni kutembea.

Mabondeni, kwenye majaruba na mifereji: shingo ndefu, kwa sababu kinachokulinda ni ukuta usiopitisha maji. Hii ina maana zaidi karibu na ziwa, ambako vijidudu vya kichocho vinapenya ngozi iliyo majini. Maji yakivuka shingo ya buti, kinga imekwisha.

Visiwani, kama Bumbire au Goziba, kwenye mtumbwi: hapa ushauri wangu wa buti linalobana kisigino unageuka. Ukianguka majini na gambuti ndefu, inajaa na kupiga mateke kunakuwa kugumu. Vaa unayoweza kuivua kwa mguu mmoja kusukuma mwingine, na jaketi la kuokolea lije kabla ya buti.

Ujenzi na machimbo ya mawe: S5, na ukubali uzito wake. Lakini uwe na kiatu kingine cha kurudia nyumbani.

Kulitunza

Buti lisilopitisha maji halitoi jasho nje pia. Jioni ligeuze, litoe soli ya ndani kama inatoka, jaza magazeti, liache kivulini penye hewa. Usilianike jikoni karibu na moto. PVC inalainika na kupoteza umbo, mpira unakauka. Osha tope, futa mafuta siku hiyohiyo. Miguu nayo ioshwe na ikaushwe hadi katikati ya vidole, kwani fangasi wanapenda giza na unyevu kama sisi tunavyopenda senene.

Na lengelenge likitokea, usilipasue wala usilivalie buti kwa ujasiri. Pumzisha mguu, funika, ukiona wekundu unaopanda au usaha, nenda zahanati mapema. Nayasema haya kama mtu aliyesababisha moja.

Shangazi sasa ana gambuti za mpira namba 38, za bei chini ya nusu ya zile za kwanza. Anazivaa. Zile za chuma alimpa kijana anayepasua mawe jirani, mguu wa 40 barabara, naye anazisifia kila tukionana. Hazikuwa buti mbaya. Zilikuwa zimeenda kwenye mguu usio wake.